Pumzi ya Emérence

"Kundi bila shefu, hiyo iko genge ya wezi!"

Ndivyo alivyosema Directeur Stanislas siku ya Alhamisi, amesimama mulangoni mwa jumba la sanaa analoongoza kule Muhumba, mujini Bukavu, rundo la funguo likining'inia kidoleni kama la mulinzi wa gereza. Mbele yake walikaa watu wanne na vyombo vyao. Muzee Philémon alikuwa na violoni ya kwanza, maman Ghislaine violoni ya pili. Anaclet seremala alikumbatia selo yake katikati ya magoti. Wa nne alikuwa Pascaline, binti yake Anaclet, na alto mapajani, ile dada mukubwa wa violoni yenye sauti ya mutu anayesimulia jambo hataki lisikike mbali.

"Directeur, hii ni quatuor," muzee Philémon alisema polepole, kwa sauti ya mwalimu aliyekula chaki miaka arobaini. "Quatuor ni batu bane. Haikuwaka na shefu tangu izaliwe."

"Ata mbuzi ziko na mbuzi ya mbele, muzee."

"Njo maana zinaingiaka mu shamba ya benyewe," Ghislaine akajibu, huku akikaza uzi wa violoni yake.

Directeur hakucheka. Mukubwa hacheki mpaka acheke mukubwa wake. "Samedi, kesho kutwa, mugeni wa festival anakuya. Didier atasimama mbele yenu na fimbo, aongoze. Mukikataa, mi sitaweka muhuri kwa ordre de mission, ile karatasi ya safari yenu. Mutabakia kwenu kucheza mu chumba. Si munasemaka hii ni muziki ya chumba?"

Didier alikuwa mupwa wake, mutoto wa dada yake. Kazi yake ilikuwa kuongoza matarumbeta siku wakubwa wanaposhuka, na kwa kazi hiyo alifaa, maana tarumbeta likikosea, kelele inalifunika.

Anaclet alitazama zile funguo. Tangu mwezi wa pili hakuweza kuona mukubwa mwenye funguo bila kukumbuka mulango mumoja uliofungwa. Mwezi huo ndipo bibi yake Emérence, mama yake Pascaline, alipofia katika hospitali moja ambayo yeye hataji tena jina lake. Umeme ulikatika, mashine iliyomupa hewa ikazima. Grupe ya kuwasha taa ilikuwapo, nzima kabisa, imejaa mafuta, imefungiwa chumbani. Mwenye ufunguo alikuwa ameenda semineri, na semineri yenyewe, waliambiwa baadaye, ilihusu namna ya kuhudumia wagonjwa vizuri. Anaclet alichonga sanduku la bibi yake kwa mikono yake mwenyewe. Mbao alizokuwa ameziweka kwa kabati la maharusi fulani, ndizo zilizomulaza Emérence.

Sasa mbele ya funguo hizi nyingine alisikia mulomo wake ukisema, "Sawa, Directeur. Didier akuye."

Ghislaine alimugeukia kana kwamba amemutemea mate.

Lakini angesema nini? Hii safari haikuwa matembezi. Quatuor yao ilikuwa na miaka thelathini na moja. Walianza wakiwa vijana, padri mumoja akiwafundisha nyuma ya parokia. Walicheza Kinshasa, wakacheza Bujumbura na Nairobi, na mara mbili walicheza Ulaya hadi wazungu wakasimama wima. Serikali ya kwao iliwapa picha moja ukutani, nayo ilikuwa imening'inizwa upande. Barua ya festival, tamasha la muziki la ng'ambo, ilifika Emérence akiwa hai, alto ikiwa yake. Alipokufa, festival iliandika tena: tunawapa pole, ila quatuor ni watu wanne, tutatuma mutu asikilize alto mupya. Akiridhika, mutakuja. Asiporidhika, nafasi itapewa kundi lingine. Na Bukavu nzima, ukitafuta kutoka ziwani hadi juu milimani, hakuna mutu mwingine wa alto. Pascaline akikataliwa, kiti cha mama yake kinakufa, na quatuor inakufa nacho.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hawakuweza kumwambia Directeur. Muzee Philémon alikuwa haoni.

Macho yake yalianza kufunga ukungu miaka mitano nyuma. Watu walimuona akitembea Nyawera na fimbo, wakasema ni uzee. Vipande vyote alikuwa navyo kichwani, na vidole vyake havikuhitaji taa. Ila mukubwa kama Stanislas akijua kwamba violoni ya kwanza ni kipofu, siku ileile angeweka mutu wake. Kwa hiyo walinyamaza, wanne wote, kama watoto waliovunja chungu.

Na kipofu ataanzaje pamoja na wenzake, wakati quatuor zote duniani zinaanza kwa jicho, violoni ya kwanza ikiinua kichwa na wengine wakifuata? Ni Emérence aliyepata dawa. Utotoni alibeba mizigo pamoja na mama yake, kama wanawake wengi wa milimani: kamba kwenye paji la uso, gunia mugongoni, uso chini. Wanawake hao hawahesabu moja mbili tatu. Anayetaka kuinuka na muzigo anavuta pumzi moja kwa pua, fupi, kavu, na pumzi hiyo inapogota kifuani, magoti yanainuka yenyewe. Emérence aliingiza pumzi hiyo katika muziki. Akiwa katikati yao na alto yake, alivuta mara moja, na pinde nne zikagusa nyuzi nne kwa pamoja. Ulaya watu waliuliza siri ni nini. Ghislaine aliwaambia ni muhogo.

Tangu azikwe, pumzi aliichukua Anaclet. Aliivuta vibaya. Alivuta kama mutu anayeinua kabati peke yake, mapema mno na kwa nguvu, wenzake wakajikaza kumufuata. Hakuna aliyethubutu kumwambia, isipokuwa mumoja.

Ijumaa nyumbani, sambaza, vile visamaki vya ziwani, zikikaangwa, Pascaline alisema bila kugeuka, "Papa, alto ya mama ulinipa. Kiti ya mama ulinipa. Pumzi yake unaificha wapi?"

"We cheza tu."

"Ninacheza. Lakini unaniwahi. Kila siku unaniwahi."

"Uko mutoto."

"Niko na miaka makumi mbili na tatu, papa. Mama alianza na kumi na nane."

Anaclet alichukua kofia yake, akatoka kwenda kusimama uani bila sababu. Mutoto hakujua anachoomba. Pumzi ile ndiyo kitu pekee cha Emérence ambacho hakikuingia sandukuni. Akimupa Pascaline, yeye atabaki na nini? Randa na misumari.

Jumamosi saa tisa muvua ilikuwa imetua juu ya mabati yote ya Muhumba. Wakubwa walijaza viti vya mbele, kila mumoja na maji yake ya chupa, na simu zao hazikuzimwa. Mugeni wa festival alikaa pembeni, maman mumoja mufupi aliyeitwa Nathalie, mwenye asili ya huku lakini alikulia Ulaya, daftari gotini. Hakutabasamu kwa mutu. Ghislaine alinong'ona, "Huyu si wa kudanganya na kitenge."

Didier aliingia wa mwisho, suti nyeupe, fimbo nyembamba mukononi. Alisimama mbele ya quatuor kama polisi wa barabarani, mugongo kwa watu, akawafanya wageni wasimuone Pascaline kabisa.

Anaclet alisikia jasho linashuka nyuma ya sikio. Ndipo alipoelewa ubaya wa "sawa" yake. Kipande chenyewe kinaanza na wote wanne pamoja, kwa sauti ya chini kabisa, hakuna mahali pa kujificha. Fimbo itashuka, Ghislaine ataiona, Pascaline ataiona. Muzee Philémon ataona nini? Ukungu. Atangojea pumzi. Na yeye Anaclet, akivuta pumzi yake kabla ya fimbo, Directeur atajua. Akiivuta baada, watakuwa wamechelewa.

Didier aliinua fimbo. Anaclet aliitazama. Aliitazama sana, kama mwenye deni anavyomutazama askari, na kwa kuitazama akasahau kuvuta.

Fimbo ikashuka.

Ghislaine akaingia. Pascaline akaingia nusu ya kitambo nyuma yake. Selo ikakwaruza. Violoni ya kwanza haikutoa chochote; muzee alikaa na upinde hewani, uso ameuinamisha upande mumoja, akisikiliza, akingojea. Sauti tatu zikayumba, zikaanguka. Nyuma mutu akacheka. Simu moja ikalia.

Directeur Stanislas alikuwa amesimama tayari. "Maman Nathalie, mutusamehe. Ni huyu binti wa alto. Mupya, hajazoea. Tulimuchukua kwa huruma, mama yake alikufa. Lakini tuko na fanfare ya matarumbeta, wako tayari hapo nje."

Kwa hiyo fanfare ilikuwa nje. Na mavazi! Anaclet aliona kofia nyekundu dirishani zikijikinga na muvua. Walikuwa wameletwa tangu asubuhi kungojea anguko hili.

Pascaline alishusha alto gotini. Alitazama chini, na kidevu chake kilifanya kile ambacho kidevu cha mama yake kilifanya akizuia hasira.

"Si yeye," Anaclet alisema. Sauti yake ilitoka kavu. "Ni mimi njo nilikosa."

"Anaclet, nyamaza," Directeur alisema kwa meno.

"Hapana, umuache," muzee Philémon akasema. Alishusha upinde wake gotini. "Maman mugeni, mi sioni. Miaka tano sasa. Ile fimbo munayoshika huko mbele, kama munaishika, kwangu iko sawa na mukia wa ngombe mu Kalehe. Musimupe mutoto kosa ya macho yangu."

Wakubwa wa mbele waligeukiana. Stanislas alizungusha funguo kidoleni. Maman Nathalie aliandika kitu kidogo kwenye daftari, na hakuna aliyejua ni kizuri au kibaya.

"Na pasipo kuona, munaanzaka namna gani?" akauliza.

Ghislaine alimutazama Anaclet. Muzee Philémon akageuza uso wake usioona upande wa selo.

"Basi muanze tena," Nathalie akasema. "Nimekuja kusikia alto. Bwana wa fimbo, musogee kidogo, munanifungia."

Didier alisogea hatua mbili, fimbo bado juu, maana hakuna aliyemwambia aishushe.

Anaclet aliweka upinde juu ya nyuzi. Zamu hii haitapita bure, alijisemea. Nitavuta. Nitavuta hata mabati yasikie. Alifungua pua, na kifua kikakataa. Kilikuwa kimejaa. Kilijaa ile korido yenye giza, ule mulango wa grupe aliougonga kwa nyundo yake mwenyewe mpaka mulinzi akamushika mikono, na Emérence kwenye kitanda akitafuta hewa na kuikosa, yeye aliyekuwa akigawa pumzi kwa watu wanne. Miezi minane alikuwa akivuta ile pumzi ya mwisho, si ya kuanzia wimbo. Ndiyo maana ilikuwa inawahi. Alitaka kufika kabla.

Na hapo, upande wa mukono wake wa kulia, akaisikia pumzi.

Fupi. Kavu. Kwa pua.

Alikuwa na nafasi ya kuivunja. Sehemu ya kitambo tu, lakini mutu wa quatuor anaijua sehemu hiyo kama seremala anavyojua unene wa unywele. Angeweza kuvuta yake juu ya ya mutoto, na wote wangemufuata yeye kwa mazoea. Alifunga mulomo.

Pumzi ya Pascaline ikagota. Pinde nne zikagusa.

Sauti ilitoka chini kama maji yanayopanda ufukweni usiku bila upepo. Muzee Philémon alifumba macho yale yasiyo na kazi, akaenda nayo. Ghislaine akamufuata ubavuni. Katikati alto ikaongea, si kama ya Emérence, nzito zaidi, na mahali pawili Pascaline aliteleza na kujishika. Anaclet alisikia kuteleza kote kuwili na moyo ukamuruka, lakini selo haikusimama. Didier naye alianza kupiga fimbo hewani, nyuma yao siku zote, kama mutu anayekimbiza kuku aliyekwisha kupita uzio.

Walipomaliza, Nathalie hakupiga makofi. Alifunga daftari. "Alto abaki," alisema. "Na muzee abaki. Mulete ile karatasi niisaini, Directeur. Ninangojea hapa, na muweke muhuri mbele yangu."

Stanislas alitafuta ufunguo wa droo muda murefu kuliko ilivyohitajika. Lakini mbele ya macho yale aliupata.

Jioni ileile redio ilisema quatuor ya Bukavu imepata ushindi chini ya uongozi wa maestro Didier. Kwenye ordre de mission majina yalikuwa matano, na la kwanza, la Stanislas, halikuwa la mucheza muziki. Samaki anaanza kuoza kichwani, na kichwa ndicho kinachopewa kiti cha mbele kwenye ndege. Anaclet alilisoma lile jina mara mbili, akakunja karatasi.

Walipanda kuelekea nyumbani, yeye na selo mugongoni, muvua imebakia manyunyu, tope likivuta viatu. Pascaline alikuja nyuma na alto chini ya koti.

"Papa. Pumzi ilitoka muzuri?"

Anaclet alichomoa kiatu katika tope. "Ilichelewa kidogo."

"Mama naye alikuwaka anachelewa?"

Selo iligonga mugongo wake mara moja, mara mbili. Alisimama kupumzika, akaiweka sawa kamba begani.

"Eh," akasema. "Kidogo tu. Pita mbele."