Ukuta wa Futi Sita

Wa tisa hana kiti. Ndivyo mambo yalivyokuwa katika ofisi za kaunti mjini Kajiado, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Mwelu, mwandishi wa miswada. Kila kikao cha bunge la kaunti kilipokaribia, mawaziri walikutana kuchagua miswada minane ya serikali. Minane, basi. Mswada wa machimbo ya mawe ulikuwa umewekwa wa tisa mara mbili, na leo, kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake, ulikuwa wa tisa tena. Hiki kilikuwa kikao cha mwisho kabla ya uchaguzi. Ukikosa leo, serikali mpya itakuja na yake, na huu utazikwa kabatini.

Kwa wengine ulikuwa mswada tu. Kwa Mwelu ulikuwa Mwongeli, binti wa dada yake Kavutha, mtoto wa miaka tisa. Jumamosi moja mfereji ulikauka kule Kitengela, mtoto akaenda kuosha raba zake za shule kwenye chimbo lililoachwa likajaa maji ya mvua. Raba zilipatikana zimeanikwa juu ya jiwe, kamba zimetolewa vizuri. Mwenyewe alipatikana kesho yake. Tangu hapo Kavutha hana maneno mengi. Kila Mwelu akimpitia baada ya kazi, huulizwa swali moja: wamefunika lile shimo? Na kila mara msomi mzima wa sheria hujibu: bado. Aliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyomkalisha mezani Jumapili baada ya Jumapili, akitoka kanisani, mpaka kila nukta ya mswada ule ikakaa mahali pake.

Sasa, karatasi ile ilikuwa na safu ya mwisho iliyoandikwa "Tayari". Mwandishi huulizwa kwa kila mswada, naye hujibu kwamba uko tayari hata kama nusu ya kurasa ni nyeupe, kisha hukimbizana nazo wiki nzima. Tayari ya ofisini ni ndugu wa kesho ya fundi wa nguo. Miaka mitatu Mwelu aliisema bila kupepesa macho, kwa adabu, kama waliomtangulia. Lakini kuna adabu ambayo ni uongo uliovaa tai, na asubuhi hiyo alikuwa ameamua kuivua.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Parmuat, katibu wa kaunti, mfugaji wa Isinya asiyependa mikutano mirefu. Wa kwanza ulikuwa tayari, wa pili pia, na kweli ilikuwa hivyo. Wa tatu ulikuwa wa soko la Namanga, mswada wa Tabitha, waziri wa biashara. Tabitha ndiye aliyemtetea Mwelu apewe kazi hii, na mkataba wa kazi hiyo ulikuwa unaisha Juni.

"Soko la Namanga," alisema mzee. "Iko tayari?"

"Hapana, Mzee. Haiko tayari."

Kalamu zikasimama. Tabitha akageuka, na kwa sauti ya mtu anayemfunikia mwenzake aibu, akasema kwamba yamebaki mambo madogo ya kumalizia. Mwelu akafungua faili. Sehemu ya leseni imeandikwa "itajazwa", alieleza, ya ada vilevile, na akina mama wanaouza shanga hawajaitwa kutoa maoni. Mahakama ingeuangusha kwa hilo peke yake. Hakupandisha sauti.

Mzee akauliza ni upi basi ulio tayari kuchukua nafasi hiyo. Mwelu akasema ni wa tisa, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Tabitha hakuwa mjinga. Alisema orodha hupangwa kwa uzito, si kwa mbio, na akaomba ashikiwe nafasi yake wiki mbili tu. Vichwa vikatikisika kumkubali. Mzee Parmuat akavua miwani.

"Kwetu, kisima ikiwa na maji kidogo, tunapanga zamu jioni," alisema. "Lakini asubuhi, ng'ombe zenye zimefika ndio zinakunywa. Zenye ziko njiani hatuzishikii birika. Waziri, leta ng'ombe."

Tabitha akaomba mswada wa machimbo, akausoma taratibu kama mtu anayechambua maharagwe, na kwenye kifungu cha nne akapata alichotafuta. Kila chimbo lililoachwa lazima lizungushiwe ukuta usiopungua futi sita. Kwa nini sita? Wenye machimbo watapiga kelele, alisema. Iandikwe nne, naye atauunga mkono saa hiyo hiyo.

Ilikuwa bei nafuu. Wote wakamtazama Mwelu wakingoja akubali, na ukweli ni kwamba kwa pumzi moja alitamani kukubali.

"Ya futi nne iko pale Kitengela, Waziri," alisema. "Mtoto wetu aliipanda."

Tabitha akachukua kalamu, akakata jina la soko lake kwenye nambari tatu na kuandika machimbo mahali pake.

"Sita," alisema, wala hakumtazama Mwelu. Mwelu alielewa kwamba Juni mkataba wake huenda usiongezwe, na hakuuliza.

Jioni alimkuta Kavutha mlangoni akichagua mchele kwenye sinia. Swali likaja kama kawaida: wamefunika?

"Bado," Mwelu alisema. "Lakini sasa ni namba tatu. Na ukuta ni futi sita."

Kavutha akaweka sinia chini. Akasimama wima ukutani, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, akabonyeza kiganja kwenye simiti na kukitazama.

"Hapa hangefika," alisema.