Sifuri kwa Kijiko Kimoja

Baba alitakiwa apunguze kilo sita ndipo afanyiwe upasuaji wa moyo. Alikufa akiwa amepunguza tatu. Ndugu zangu husema alishindwa kujizuia na chakula, na mimi ndiye niliyewaambia hivyo.

Alikuwa fundi cherehani, mtu wa kupima. Daktari alipompa masharti, alinunua daftari akawa anaandika kila kilichoingia kinywani: kabichi ya kuchemsha, yai moja, nusu kiazi. Chakula chenyewe kilikuwa kama kutafuna karatasi, kwa hiyo nilimletea sosi ya saladi kutoka kiwandani. Mimi hubandika lebo. Chupa ambazo lebo imekaa upande haziendi dukani, tunagawana wafanyakazi. Sosi ilikuwa nyeupe, nzito, na mbele imeandikwa kwa kijani: Kalori 0.

"Niweke kiasi gani?" Baba aliuliza siku ya kwanza.

"Sifuri ni sifuri, Baba. Mwaga tu."

Akamwaga. Chupa mbili zilikuwa zinaisha kwa siku tatu. Daftarini aliandika: sosi, 0.

Mwezi wa kwanza hakupungua hata robo kilo. Mwezi wa pili ikaondoka nusu, ikarudi. Nesi alimtazama juu ya miwani.

"Mzee wangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Usiku unakula nini?"

"Silali na sufuria, mwanangu."

"Mzani haudanganyi."

Akaandika kwenye faili: hafuati masharti. Tarehe ya upasuaji ikasogezwa mbele.

Nyumbani nilimuuliza mara tatu. Mara ya tatu niliingia chumbani kwake, nikafungua makopo ya vifungo, nikapekua vitambaa vya wateja. Nilipofika kitandani alinishikia godoro upande mmoja, maana alijua mgongo unanisumbua. Hakukuwa na kitu. Nikawapigia simu ndugu zangu hata hivyo, nikasema mzee anakula kwa siri.

Wiki iliyofuata, tukiwa kwenye chakula cha mchana kiwandani, dada wa maabara aliniona nikimimina sosi.

"Shoga, taratibu, utafumuka!"

"Si sifuri hii?"

"Sifuri kwa kijiko kimoja cha chai! Geuza nyuma usome. Kijiko kikiwa chini ya kalori tano, tunaandika sifuri. Nani kakwambia chupa nzima ni sifuri?"

"Lebo."

"Na anayebandika lebo nani?"

Meza nzima ikacheka. Miaka saba nimebandika lebo ile na sikuwahi kusoma maandishi madogo ya nyuma. Macho yangu hutazama pembe tu, kama zimenyooka. Nilimuuliza chupa nzima ina ngapi. Akapiga hesabu, akasema mia nne na hamsini hivi. Kwa mmiminiko wa Baba, ilikuwa sawa na vipande vinne vya mkate kila siku, juu ya kabichi.

Jioni nilimweleza. Alisikiliza, akachukua kalamu, akarudi ukurasa wa kwanza wa daftari na kuanza kukata zile sifuri moja moja. Zilikuwa nyingi. Katikati akachoka, akaiweka kalamu.

"Kwa hiyo nilikuwa nakula."

"Ulikuwa unakula, Baba. Lakini hukuficha."

"Waambie ndugu zako."

Nikampigia kaka palepale, sauti ya simu ikiwa juu ili Baba asikie, nikamweleza.

"Dada, hayo ya vijiko mimi siyaelewi," kaka alisema. "Muhimu mzee aache kula ovyo."

Baba akainuka, akaenda kulala.

Tangu siku hiyo alikula kabichi kwa limau. Kilo tatu zikaondoka ndani ya wiki tano. Asubuhi moja moyo ulisimama akiwa anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani.

Msibani kaka aliwaambia majirani kwamba mzee alikuwa mtu mwema, ila tumbo lilimshinda. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nikaliweka chini, nikaanza kueleza habari ya kijiko na chupa, ya maandishi ya nyuma, na kwamba Baba aliandika kila alichokula bila kuruka siku. Walinisikiliza jinsi mfiwa anavyosikilizwa. Nilipomaliza, jirani mmoja alinishika mkono.

"Pole, mama," alisema. "Ndivyo wazee walivyo."