Mshale wa Mzee Ngui

Kampuni ya saa za kifahari ya Orvane, huko Uswisi, ilipotangaza kwamba imepunguza aina za saa zake na ile ndogo ya kutia ufunguo haitatengenezwa tena, wakusanyaji walilia. Walahi, watu wazima na ndevu zao! Mtandaoni waliweka picha zake kama za marehemu. Wiki moja kabla hawakuwa na habari nayo. Binadamu, bwana!

Nzilani alikuwa nayo moja, pale Kariobangi, katika kibanda alichoachiwa na babake, Mzee Ngui fundi saa. Mzee alikuwa na ukaidi wake. Jua likichomoza ni saa moja, alisema, basi mshale nao uonyeshe moja. Ya nini kutamka moja huku unatazama saba? Asubuhi yake ya mwisho aliitia majira hivyo, kwa vidole vyake mwenyewe.

Miezi tisa sasa haijasimama. Nzilani huitia ufunguo kila kukicha, ila mishale haigusi ng'o. Imebaki nyuma dakika ishirini, na iwe hivyo. Akiiweka sikioni, nyundo za mafundi wa jua kali hufifia, kibanda huelea taratibu katika mwanga, naye humsikia mzee akipumua kwa pua, vile alivyopumua akiinamia kazi. Hapo huwa bado ana baba.

Kiarie, mmoja wa wale wakusanyaji, alifika saa tatu asubuhi na glavu nyeupe.

"Dada, kama huuzi sitakulazimisha. Niishike tu. Nimeitafuta Nairobi nzima."

Alianza kuzivaa glavu kabla hajajibiwa. Nzilani akamwonea huruma, akampa, akageuka kumtafutia kiti.

"Ai, maskini, imebaki nyuma masaa sita!" Kiarie alisema kwa upendo. "Basi, nimekurekebishia."

Mshale ulikuwa kwenye tisa.

Nzilani aliinyakua, akaiweka sikioni. Ilienda vizuri kabisa. Nje watu waligonga mabati, kondakta aliita abiria, mtu alicheka. Alingoja, akangoja tena. Pumzi ya mzee haikusikika.

Kiarie alipoyaona machozi aliogopa. "Dada, nisamehe! Naweza kuirudisha kwenye tatu, sasa hivi!"

"Wewe unaweza," Nzilani alisema. "Hata mimi naweza. Baba ndiye hawezi."

Kisha akamsogezea kiti, maana mwanamume yule naye alikuwa ameanza kulia.