Sufuria Iliyong'arishwa

Sufuria aliileta mume wangu Chuwaluka, mipichi ilipokuwa imeanza kutoa maua. Ilikuwa ya shaba, nene, yenye mkono wa chuma, na kwenye tako lake palikuwa na michoro miwili ya rangi nyeupe ambayo nilidhani ni pambo. Mimi maisha yangu yote nilikuwa nimepikia vyungu vya udongo. Siku ile ile nikaibandika motoni, nikapika uji wa mahindi, yale tunayoyachemsha na majivu mpaka maganda yatoke. Nilipika siku nne mfululizo, na majirani nikawaita waje waone inavyochemka upesi.

Siku ya tano akaja Mjomba Tistiski, kaka yake marehemu mama. Akala vijiko viwili, akaitazama sufuria, kijiko akakiweka chini.

"Nakwisi, hii imetoka wapi?"

"Muulize mkweo."

Chuwaluka alikuwa akiipaka mafuta bunduki mpya. "Wamenipa kwa wakala wa serikali ya Wamarekani, Mjomba. Bunduki, blanketi na sufuria. Niliwapigania katika vita na Wakriki nikarudi mikono mitupu. Sasa wamenikumbuka."

"Wamekukumbuka bure?"

"Nimekubali kuhamia Akansa, mbali huko magharibi. Wanasema huko nyati wamejaa. Nikiona pabaya nitarudi."

"Umekubali wewe, au umeikubalia na nyumba?"

Chuwaluka akacheka. "Nyumba si yangu, Mjomba, ningeikubalia vipi? Mimi humu mgeni mwenye kiko chake tu."

Hapo hakudanganya. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Ile niliachiwa na mama, pamoja na shamba la mahindi na maharage hadi mtoni, na mipichi tisa. Mwanamume huja na bunduki yake, akiondoka huondoka nayo. Chuwaluka alidhani Wamarekani nao wanalijua hilo. Kumbe kwao ukimwandika mume umemwandika mke, watoto, paa na shamba. Mjomba alikwisha kuwaona watu wa kijiji cha juu wakitolewa majumbani kwa namna hiyo.

Sikupiga kelele. Nilikusanya viatu vyake vya ngozi, kiko chake, na fimbo zake mbili za kuchezea mpira, nikavipanga nje ya mlango, majirani wakiona. Kwetu talaka ni hiyo, hakuna zaidi.

"Umesahau blanketi," akaniambia kutoka uani.

"Hilo ndilo lililotuuza. Chukua."

Usiku ule mvua ikanyesha. Asubuhi tukaenda kwa wakala sote watatu, mimi, Mjomba na Chuwaluka, nikiwa nimebeba sufuria. Karani wa pale alikuwa kijana mwenye mafua, anafuta pua kila baada ya neno, na mkalimani anamngoja.

"Chuwaluka. Nyumba moja, watu wanne," akasoma.

"Huyu si mume wangu," nikasema. "Vitu vyake viko nje tangu jana. Muulize mwenyewe."

"Kweli," Chuwaluka akasema. "Hata vimelowa."

Karani hakucheka. "Talaka za kwenu mimi sizijui. Rudisheni kila kitu kama kilivyotolewa kabla mashua ya Akansa haijaondoka, nami nitalifuta jina. Mna siku sita." Akaitazama sufuria, akakunja uso. "Na hiyo sitaki kuiona na masizi."

Niliporudi nikakuta gari la ng'ombe limesimama karibu na kisima changu. Mzungu mmoja alikuwa anapima shamba kwa hatua, midomo ikihesabu. Mkewe akaionyesha mipichi, akagusa ulimi wake, akaniuliza kwa macho kama ni mitamu. Nikaitikia kwa kichwa. Mpaka leo sijui kwa nini nilimjibu.

Nikashuka mtoni na sufuria. Nilisugua kwa mchanga, kisha majivu, kisha mchanga tena. Siku ya kwanza ilikuwa ya ndani, ya pili na ya tatu ya ubavuni. Kucha zikapasuka, nikajifunga vitambaa. Kila nilipopanda kwenda kuwapa wanangu wawili chakula, ng'ombe wa wale watu alikuwa amesogezwa karibu zaidi na mlango wangu. Siku ya tano nikamaliza tako. Masizi yaling'ang'ania kwenye ile michoro, nami nikang'ang'ana nayo mpaka pakawa laini kama yai.

Siku ya sita tukarudi sote watatu; karani akalikunjua blanketi, akalikubali. Akachungulia mtutu wa bunduki, akaukubali. Akainua sufuria dirishani, nikaiona pua yake nyekundu ndani ya shaba. Kisha akaigeuza.

"Alama iko wapi?"

"Alama gani?"

"Zetu zote zina herufi mbili nyeupe chini. Hii si ya serikali."

"Ni hiyo hiyo," Mjomba akasema. "Ameisugua kama ulivyomwambia."

"Nilisema masizi. Rangi sikuitaja." Akatusukumia vyote mezani, bunduki na blanketi pia. "Jina linabaki."

Njiani nikamwomba Mjomba nikae kwake, maana dada sina.

"Ninapolala ni kwa mke wangu, mwanangu," akasema. Hakunitazama. "Siku akikiweka nje kiko changu, mimi mwenyewe sina pa kwenda."

Asubuhi askari wawili walikuja na orodha. Yule mwanamke alikuwa amesimama kisimani na ndoo, akingoja nitoke.

Ndani ya mashua nilikaa na wanangu upande mmoja, sufuria miguuni. Chuwaluka akaja akaketi kando yetu, akaweka chini bunduki, blanketi, kiko na fimbo zake.

"Hapo si pako," nikamwambia.

"Pangu ni wapi basi, Nakwisi?"

Nikaangalia mbele na nyuma nipate mahali pa kuviweka nje vile vitu. Pande zote zilikuwa mbao, na baada ya mbao, maji. Mashua haina mlango. Nikaivuta sufuria ikae kati yangu na yeye, na watu wa mbele wakaanza kupiga makasia.