Magoti ya Mama Piroska

Borbála hakuwahi kwenda kumtazama bintiye Piroska akiteleza barafuni. Tangu afiwe na mumewe, asubuhi zake zilikuwa za misa, tena moyo wake haukustahimili kumwona mtoto amesimama juu ya vyuma vyembamba kama kisu cha mkate. Lakini siku ile ya mashindano makuu ya Budapest alijifunga kitambaa chake cheusi, akatia rozari mfukoni, akaenda.

Sababu alikuwa nayo. Piroska alikuwa bingwa wa kuteleza peke yake, na bingwa wa wawili pamoja na Zsiga, kijana wa mwoka mikate, aliyeshikana naye mikono barafuni tangu wana meno ya utoto. Mwaka huu mwalimu wao, Kálmán, alichoka.

"Mshika mawili, moja humponyoka," alimwambia Piroska. "Asubuhi unateleza peke yako. Ukishindwa, alasiri Zsiga namtafutia mwenzi mwingine."

"Mwalimu, utamuua Zsiga!"

"Zsiga hafi. Anakula mno."

Basi asubuhi ile Piroska akaingia barafuni. Kwa chuma cha kiatu alichora tarakimu ya nane juu ya barafu, kwa mguu mmoja, akairudia juu ya alama ile ile, taratibu, kama mtu apitaye penye mtoto aliyelala. Alipomaliza, waamuzi wenye makoti marefu walikuja wakapiga magoti penye ile nane, vichwa chini, kimya.

Moyo wa Borbála ukajaa. Kumbe hapa pana wacha Mungu! Akateremka mpaka ukingoni, naye akapiga magoti thelujini, rozari mkononi.

Muuza maboga ya kuchoma alicheka hadi koleo likamdondoka. "Mama wee, hao hawasali! Wanatafuta makosa. Mstari ukiachana hata unywele, mtoto kaanguka."

Borbála aliona haya, lakini hakuinuka. "Basi naomba wasiyaone."

"Yaani Mungu akusaidie kudanganya?"

Borbála akafikiri kidogo. "Haya. Naomba yasiwepo."

Mwamuzi mzee alisimama akijipangusa magoti, akitikisa kichwa kwa mshangao. Mstari ulikuwa mmoja. Piroska ameshinda!

Alasiri bendi ikapiga, na Borbála akapiga magoti tena, safari hii akijua anachofanya. Zsiga alimzungusha Piroska mpaka kofia yake mwenyewe ikaruka ikatua kwenye tarumbeta. Uwanja mzima ukaangua kicheko, wao wala hawakukosea hatua. Wakashinda.

Kálmán akaja ukingoni. "Mama Piroska, bado nasema, mshika mawili..."

"Hiyo ni ya wanaoshika kwa mikono, mwalimu. Huyu anashika kwa miguu."

Kálmán akavua kofia. "Haya, nimekubali. Ayashike yote mawili. Sasa inuka, mama, utaugua."

"Ningeweza ningeinuka zamani," alisema Borbála. "Sketi imegandana na barafu."

Piroska akashika mkono mmoja, Zsiga akashika wa pili, wakamng'oa.