Mabega Yasiyo na Pedi

Kang! Mkasi ulilia sakafuni. Nikajua umemponyoka Mama tena. Nusu ya mabibi harusi wa Iloilo, mji wetu huku Ufilipino, wamevaa magauni aliyoyashona yeye, na sasa hata sindano haishikiki.

Miaka miwili alimeza dawa za baridi yabisi. Viungo vilivimba kulia na kushoto, asubuhi vidole havikunjiki. Daktari wa kwanza hakuuliza zaidi. Tumbo likaharibika, uvimbe ukabaki palepale. Mimi nikaapa dawa ni feki, nikagombana na muuza dawa mpaka akanifukuza.

Daktari mpya, Dokta Villaruz, alimtazama Mama mlangoni tu. "Mama, vua kwanza hizo pedi za mabega."

"Pedi gani, binti yangu? Haya ni mabega yangu!"

Akayabonyeza. Hakucheka. "Mikono inakufa ganzi?"

"Aa, hiyo ni pasma, baridi inayoingia mwili ukiwa na joto. Napiga pasi, halafu naosha mikono kwa maji baridi. Ya mkandaji hiyo, si ya hospitali."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Nikaruka. "Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Unamjua daktari wa pasma, wewe?"

"Toa ulimi, Mama," daktari akasema.

Ulikuwa mnene, umechorwa alama za meno pembeni. Nami nilikuwa nikimtania kwamba anaongea kama mlevi.

Wauguzi wakavuta kwa sindano maji ya bega na mafuta kidogo ya tumbo, wakatia rangi nyekundu. Wiki iliyofuata daktari akasema chini ya mwanga maalumu wa hadubini yaling'aa kijani. Nyekundu, kisha kijani! Akili yangu ikagoma.

"Si baridi yabisi, inaiiga tu," alisema. "Ni amiloidi, protini mbovu inayojibandika kwenye viungo. Nadhani inatoka kwenye uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Tuchome sindano nyongani tuhakikishe, kabla haijafika moyoni."

"Kwa hiyo naumwa viungo, damu, au moyo?" Mama akanigeukia. "Rufino, umeelewa?"

Nimezoea kujibu ndiyo. "Sijaelewa, Mama."

"Basi sichomwi. Nirudishe kwa mkandaji."

Alikwisha kusimama. Nikaushika mkono wake mzito, taratibu.

"Kaa, Mama. Uchomwe. Sitatoka humu, na nitamuuliza daktari mpaka achoke, mpaka mimi nielewe na wewe uelewe. Nakuahidi."