Maji Yamefika Wapi

Mimi wananiita Redio, na aliyenipachika jina hilo hakukosea. Nasuka nywele. Msusi asiyeongea, wateja wake husinzia, shingo zikalala upande, mistari ikaenda kombo. Basi naongea. Lakini mdomo huohuo ulishaniangusha mtihani mara mbili, na siku ya mara ya tatu dada yangu alinisindikiza hadi getini, akanishika kidevu kama mtoto.

"Mdogo wangu, leo meza ulimi."

"Nikiumeza nitajibia nini?"

"Ona sasa! Hata hujaingia."

Mtihani wenyewe si wa hesabu. Hospitali ya serikali ina kazi inayoitwa mhudumu rika: mtu aliyewahi kuugua akili, akapata nafuu, akafunzwa kukaa na mwenzake anayeugua sasa. Hatoi dawa, hatoi ushauri, hahubiri. Anakaa naye. Mwaka mzima nilikuwa nakaa wodini kwa kujitolea, kila Jumanne na Alhamisi, nikimsuka anayetaka kusukwa. Halafu likabandikwa tangazo: kuanzia mwezi ujao, asiye na cheti haingii. Na ukianguka mara ya tatu, basi tena, hurudii.

Mnaweza kusema si kitu. Kwangu kilikuwa kitu kuliko mume. Mume nilishapata, nikapoteza, wala sikukonda. Lakini wodi ile ndiyo mahali pekee duniani ambapo watu hawaniangalii kwa jicho la pembeni nikicheka kwa sauti. Nikikosa cheti, mlango ule umefungwa, nami nabaki upande wa watu wazima wenye akili zao, ambao kusema kweli wananichosha.

Mwalimu wetu wa mafunzo alikuwa na msemo wake: hadithi yako ni kiti, mpe mwenzako akalie. Mara ya kwanza nilikikalia mwenyewe dakika kumi na tisa kati ya ishirini. Mara ya pili nilimwambia mgonjwa ale mboga na amsamehe mama mkwe wake. Hakuwa hata na mama mkwe. Aibu niliyoipata siku ile naijua mimi.

Mtihani ulikuwa chumba namba nne, saa nane mchana, saa ambayo hospitali nzima huonekana kama inalala macho wazi. Feni ilizunguka polepole. Pazia jeupe lilivuta pumzi, likaitoa. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa, mpya, bado inanukia, lakini mimi nilijua chini yake kuna kijani. Nililala nikitazamana na kijani kile siku tisa, miaka kumi na miwili iliyopita, wakati chumba kile kilipokuwa wodi. Nilikaa kitini, mwili ukawa mwepesi, kana kwamba ningeweza kuelea hadi darini nikajiona kutoka juu.

Daktari msimamizi alikaa pembeni na saa yake ndogo ya mezani. "Mkishaanza, mimi sipo," alisema. "Anayeingia ni mfanyakazi wetu, lakini kwako ni mgonjwa. Ukimwita kwa cheo chake, ukitoka nje ya zoezi, naandika sifuri. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Daktari."

Mlango ukafunguka, akaingia Sista, muuguzi wa zile siku zangu tisa.

Sikuambiwa ni yeye, nilimjua kwa mwendo. Miguu yake ilikuwa inakwepa mistari ya vigae, vilevile kama zamani. Nywele zimeota mvi na amevaa miwani, lakini mikono ni ileile. Mikono iliyonifunga kitandani kwa shuka siku ya sita, kwa fundo ambalo nalikumbuka kuliko fundo lolote nililowahi kufunga mimi. Yeye hakunijua. Angenijuaje? Wakati ule nilinyolewa, nimebaki mifupa. Leo nimenenepa, na kichwani nimejaa misuko mpaka mabegani.

Akakaa. Mwanga wa pazia ukamwangukia magotini. Akainamisha kichwa, akaanza kwa sauti ndogo.

"Maji yanapanda. Yanatoka ukutani. Mnaniambia hakuna maji, na miguu yangu inalowa."

Jamani! Maneno yale yalikuwa yangu.

Si yanayofanana na yangu. Yangu hasa, kwa mpangilio wake, na pale kwenye "miguu yangu" palipodondoka sauti. Niliyasema siku tisa, usiku na mchana, kwa kila aliyepita. Na huyu mama aliyabeba miaka yote hii, na alipotakiwa kuigiza mgonjwa, akayavaa.

Hasira ikanipanda hadi utosini. Nilitaka kusimama nimwambie, vua, si nguo yako! Nilitaka kumwonyesha vifundo vya mikono alivyovifunga. Ulimi ulikuwa tayari mlangoni, umevaa viatu. Halafu nikatazama ukuta, na walahi, naapa, kwa nukta moja niliuona unang'aa chini karibu na sakafu, unyevunyevu, na sikuogopa. Nilimwona tu yule msichana wa kitandani, na nikajua kitu alichokuwa anakitaka.

Nikauliza, "Yamefika wapi sasa?"

Sista akanyanyua kichwa. Swali hilo halikuwamo kwenye karatasi yake. "Eti?"

"Maji. Yamefika wapi?"

Akafikiri. "Magotini."

"Ya baridi?"

Akaangalia miguu yake. Feni ilizunguka, pazia likaingia ndani likatoka, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilinyamaza bila kujilazimisha.

"Sijui," alisema mwishowe. Sauti haikuwa ya kuigiza tena. "Sikumuuliza."

Kule pembeni kalamu ya Daktari ikasimama.

"Alikuwa binti," Sista aliendelea, na sasa alikuwa ananiambia mimi, si mtahiniwa. "Kitanda kilikuwa hapahapa. Nilimjibu mara mia hakuna maji, lala. Nilikuwa peke yangu na wagonjwa thelathini na wanne. Siku ya sita nikamfunga. Hakupigana. Aliniuliza tu, sasa nitaogeleaje? Najua wamenifunza kutoipeleka kazi nyumbani. Lakini kila nikifua shuka, huwa nasikia hilo swali."

Nilimtazama Daktari. Alinitazama kwa macho yanayosema, mrudishe kwenye zoezi. Ilikuwa rahisi! Ningesema, "Nasikia una hofu, dada, nipo hapa," yeye angeshtuka, angerudi kuwa mgonjwa wa karatasi, na mimi ningetoka na cheti changu. Dakika tisa tu zilibaki. Niliziona zimekaa kwenye ile saa ya mezani, na mlango wa wodi nyuma yao.

Na mbele yangu kulikuwa na mtu aliyeloa.

Nikasogeza kiti, nikakaa ubavuni kwake.

"Yalikuwa ya vuguvugu, Sista," nilisema. "Hayakuwa mabaya sana. Nilichokuwa nataka ni mtu aniambie nipandishe miguu."

Hakulia. Alinigeukia polepole, akaangalia paji la uso, akaangalia masikio, akainua mkono akausimamisha karibu na misuko yangu bila kugusa. Kisha akapandisha miguu yake juu ya upau wa kiti. Nami nikapandisha yangu. Tukakaa hivyo, wanawake wawili wazima na viatu vyetu juu ya sakafu kavu, na sijui ulipita muda gani. Ningeweza kukaa pale hadi kiama.

Saa ya Daktari ikalia.

"Samahani," alisema, na nadhani aliimaanisha kweli. "Umemwita kwa cheo. Mmetoka nje ya zoezi dakika ya kumi na moja. Hapa hakuna mgonjwa uliyemhudumia nikupe alama. Nikiandika tofauti nitakuwa nadanganya."

Basi. Nilishika mkoba wangu, nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia dada getini.

"Daktari," Sista alisema. Hakuwa ameshusha miguu. "Hiyo fomu ina nafasi ya jina la aliyehudumiwa?"

"Ipo. Huwa tunaandika 'mgonjwa wa kuigiza'."

"Futa. Andika langu."

Daktari akavua miwani. "Sista, karatasi hii inakwenda wizarani. Inawekwa kwenye faili la waliohudumiwa kwa afya ya akili. Haifutiki. Umebakiza miaka miwili ustaafu. Wenzako watalisoma."

"Walisome."

"Unaelewa watakavyosema?"

"Naelewa vizuri sana. Nimewasikia wakisema kuhusu wengine, na mimi nikiwa hapo hapo nacheka nao." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo kalamu. Huyu amenihudumia. Nani atakuwa anadanganya?"

Daktari hakumpa kalamu mara moja. Alitazama fomu, akatutazama sisi na miguu yetu. Kisha akaisukuma karatasi mezani.

Sista aliliandika jina lake mwenyewe, majina yote matatu, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyetaka likosewe. Chini yake Daktari akaandika alama, akapiga muhuri. Mimi machozi yalikuwa yananitiririka na sikuona ni ngapi, wala sikuuliza.

Sista alinigeukia tena.

"Haya, niambie," alisema. "Yalianza kupungua lini?"

Nikamwambia.